Hiyo Risasi ya Salaita Iache Hapo

Zile video za wazungu wakipitisha mashine ya kutafuta chuma shambani, inalia, wanachimba, wanatoa risasi, najua mnazipenda. Hata mimi huziangalia hadi saa nane usiku. Sasa wasee wananiuliza kwa inboksi kama hiyo kitu inaweza fanyika Taita Taveta. Inaweza. Shida ndio hiyo.

Pale Maktau, Mbuyuni na Salaita, Waingereza na Wajerumani walipigana Vita vya Kwanza vya Dunia. Salaita, tarehe 12 Februari 1916, wanajeshi wa Afrika Kusini walishambulia kilima wakarudishwa mbio.

Kusoma risasi si uchawi. Angalia kitako cha ganda. Kama ukingo umetokeza nje, huenda ni .303 ya Mwingereza. Kama ukingo uko sawa na ganda na kuna mfereji juu yake, inafanana na Mauser ya Mjerumani ya 8mm. Risasi iliyofyatuliwa nayo hubaki na alama: Lee-Enfield huacha mifereji mitano ikipinda kushoto, Mauser minne ikipinda kulia. Na ukiona donge nono la 11mm bila koti la shaba, hiyo ni Mauser ya 1871, waliyopewa askari Waafrika wengi wa Mjerumani. Ukifyatua inatoa moshi mzito, adui anajua umejificha wapi. Manze, fikiria kupewa hiyo!

Lakini hayo yote yanakuambia bunduki tu. Nani alisimama wapi, akilenga wapi, hiyo inasemwa na mahali. Maganda yakilala mstari mmoja, hapo kuna watu walikuwa wamelala chini wakifyatua. Ukishatia kwa chupa sebuleni, imebaki chuma. Na wapagazi wa Carrier Corps, wale waliotuachia jina Kariakor, wengi wao hawana kaburi lenye jina. Tukichokora huo uwanja, tunafuta hata kidogo kilichobaki.

Msimamo wangu: mashine ibaki nyumbani. Ukiona kitu juu ya mchanga, kipige picha na kalamu kando ionyeshe ukubwa, hifadhi mahali kwa ramani ya simu, uwajulishe watu wa Makumbusho ya Kitaifa. Usiguse. Ganda ambalo bado lina risasi yake linaweza kuwa na baruti, na kukaa na risasi bila cheti ni kosa kisheria. Polisi wakikusimamisha Voi na mfuko wa risasi za 1916, utaanzia wapi kueleza?