Shahada Isiyopigiwa Hesabu

Wilayani Handeni na Korogwe, kama kwingineko nchini, imeota mizizi imani kwamba shahada ya chuo kikuu, ya fani yoyote na kwa gharama yoyote, mwishowe humlipa aliyeipata, na kwamba mzazi anayeuza shamba au ng'ombe ili mwanawe asome hapotezi kitu. Imani hiyo haina budi kupingwa, kwa kuwa huhesabu mapato ya waliofanikiwa na kusahau gharama za wote waliojaribu.

Zamani ilikuwa na msingi. Elimu ya chuo kikuu ilipoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1961, wasomi walikuwa wachache na serikali iliwahitaji wote. Hata Azimio la Musoma la mwaka 1974, lililomtaka kijana afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu, lilitungwa katika nchi ambamo msomi hakuhangaikia ajira. Hali hiyo imekwisha, maana Mamlaka ya Mapato Tanzania ilipotangaza nafasi 1,596 za kazi, usaili wake ukafanyika mwaka 2025, waombaji walizidi 135,000, yaani zaidi ya watu 80 kwa kila nafasi.

Kosa mojawapo la imani hii ni kudhani kwamba gharama ya shahada ni ada peke yake. Wachumi huongeza gharama mbadala, yaani pato ambalo mtu hulikosa kwa kuchagua jambo moja na kuliacha jingine: shamba la mahindi lililouzwa Handeni, au jaruba la mpunga la Mombo, lingezaa kila msimu, na hasara hiyo haikomi siku ya mahafali. Mkopo nao ni deni. Tangu sheria ya Bodi ya Mikopo iliporekebishwa mwaka 2016, mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara, hivyo anayelipwa shilingi 700,000 huachia 105,000 kila mwezi, kabla ya kodi ya nyumba na kabla ya kuwakumbuka wazazi waliobaki bila shamba.

Watetezi wa imani hii wanaweza kutaja utafiti wa Psacharopoulos na Patrinos wa mwaka 2018, ulioonyesha kwamba faida ya elimu ya juu kwa mhitimu ni kubwa zaidi Afrika kusini mwa Sahara kuliko kwingineko duniani. Utafiti huo ni wa kuheshimiwa, lakini wastani wa namna hiyo hutokana zaidi na mishahara ya walio kazini, na hauwezi kumwambia mzazi wa Korogwe lolote kuhusu mwalimu aliyehitimu ambaye bado anafundisha kwa kujitolea akisubiri ajira.

Hoja hii haimfungii mtoto wa mkulima mlango wa chuo. Inadai apewe haki ya kujua anachokinunua. Tume ya Vyuo Vikuu ivilazimishe vyuo kutangaza, kwa kila programu, ni wahitimu wangapi walipata kazi ndani ya miaka mitatu na kwa kipato gani, na takwimu hizo zifikishwe kwa wanafunzi wa kidato cha sita na wazazi wao kabla ya maombi kufunguliwa. Kumhimiza mkulima auze ardhi inayowalisha wadogo wa mwanafunzi, huku akinyimwa takwimu hizo, ni kumtwika aliye maskini kuliko wote hatari ambayo chuo, Bodi na serikali vimekataa kuibeba.