Kabla ya nyundo, pimeni sikio
Katika bahari za Denmark na Ujerumani huishi jamaa mdogo wa pomboo, mwenye uso butu usiochongoka kama wa pomboo wa Kizimkazi. Hata gizani huwinda kwa sauti: hutoa milio mifupi mno ya mitetemo ipatayo 130,000 kwa sekunde, ilhali sikio la binadamu hukomea 20,000, kisha husikiliza mwangwi unaomrudia kutoka kwa samaki. Mwangwi huo hupokelewa na mafuta yaliyo ndani ya taya la chini, nayo huufikisha kwenye sikio la ndani. Anayemharibia usikivu, basi, amempofusha na kumnyima chakula kwa mkupuo mmoja.

Ndiyo maana ni kosa kutunga kanuni za kelele za baharini kwa kukisia. Nguzo za mitambo ya umeme wa upepo hupigiliwa chini ya bahari kwa nyundo kubwa ajabu, na mnyama huyu hukimbia umbali wa kilomita nyingi. Ni mshindo wa kiasi gani unaomdhuru? Hilo lilipimwa Kerteminde, Denmark, katika kituo cha Fjord&Bælt. Mnyama mmoja aliyezoezwa alibandikwa kichwani vikombe laini vya mpira vyenye vihisio, vikanasa umeme hafifu wa ubongo kila aliposikia mlio. Mishindo ikaongezwa kidogo kidogo hadi usikivu wake ukafifia kwa muda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha ukomo wa desibeli 164 hivi (za majini, ambazo hazilingani na za hewani). Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Ujerumani ni 160, umbali wa mita 750 kutoka kwenye nguzo, na wajenzi huizungushia nguzo pazia la mapovu linalopunguza mshindo.

Wapo wanaosema mnyama mmoja hawezi kuwasemea wote. Kweli, lakini hiyo ni sababu ya kupima wengine zaidi. Wapo wanaoona ni ukatili kumfuga. Huyu alinaswa kwenye mtego wa wavuvi, na alichopoteza kwa muda kinawakinga wengi wasipoteze moja kwa moja. Na wanaohofia kwamba tahadhari itakwamisha umeme safi waitazame Ujerumani: nguzo zimeendelea kusimikwa.

Chombo kilichotoa mishindo ile Kerteminde kilikuwa bunduki ya hewa, ileile inayotumika kutafutia mafuta na gesi chini ya bahari, kazi iliyofanyika pia katika maji ya Tanzania. Wanaotoa vibali hapa nyumbani wamuulize kila mwombaji: kiwango chako cha kelele kimetokana na sikio la mnyama gani?