Mumia Hakuwa Gavana wa Kakamega

Wasee, kuna ramani inazunguka mtandaoni: kaunti nzima ya Kakamega imepakwa rangi moja, juu yake imeandikwa "Ufalme wa Wanga". Mimi ni wa Shinyalu. Hapa kwetu ni Isukha. Hiyo ramani ni uongo.

Tuelewane kwanza. Wanga ulikuwa ufalme kweli, na Nabongo Mumia alikaa Elureko, pale tunapoita Mumias leo. Hilo sibishi. Lakini kaunti zimekuja na Katiba ya 2010! Unachukuaje mpaka wa juzi unamvisha mfalme wa karne ya 19? Hata jina "Luhya" lilianza kushika miaka ya 1930 na 1940. Ukiandika "mfalme wa Waluhya" wa 1880, umewapa watu jina ambalo wao wenyewe hawakulitumia.

"Si Mumia alitawala wote?" Hapo ndipo mnapigwa chenga. Aliyemfanya chifu mkuu juu ya majirani zake ni Mwingereza, 1909. Kwa hiyo ramani mnayoiita ya kale imetoka ofisi ya mkoloni. Na 1895, Wabukusu walipopigana na Waingereza kule Lumboka na Chetambe, watu wa Mumia walikuwa upande wa Waingereza. Sasa hao walikuwa raia wa ufalme mmoja kivipi?

Mi mwenyewe niliwahi kuiposti hiyo ramani. Nyanya akaiangalia, akaniuliza, "Nani amekuambia babu zako walikuwa watu wa Mumia?" Nikakosa jibu. Nilikuwa nimenakili tu. Akaniambia kwetu kesi zilikatwa na wazee wa koo, hakuna mfalme aliyeletewa ushuru.

Ndiyo maana hili si jambo dogo. Ukipaka rangi moja, unafuta watu. Mtoto wa Shinyalu anakua akidhani historia yake ni tawi la historia ya mwingine. UNESCO ilipoorodhesha isukuti 2014, iliandika Isukha na Idakho, haikuandika kaunti. Kama wageni wameweza, sisi tunashindwa nini?

Dawa ni rahisi: andika "eneo ambalo leo ni Kakamega", halafu taja walioishi hapo kwa majina yao: Wanga, Isukha, Idakho, Marama, Butsotso, Kabras. Maneno machache tu.

Bado unabisha? Panda matatu uje Shinyalu, uwaambie wazee usoni kwamba walikuwa na mfalme.