Jembe Si Adhabu, Soda Si Heshima

Frateri akichelewa Masifu ya Asubuhi hupewa jembe. Akikutwa na simu baada ya taa kuzimwa hupewa fyekeo. Aliyevunja ukimya mkuu anamwagilia bustani wiki nzima. Desturi hii imeenea kuanzia shule za msingi, ikapita seminari ndogo na kufika hadi seminari kuu, na wengi wetu tumekua nayo kiasi kwamba hatuioni tena. Naandika kuipinga, na si kwa sababu nawahurumia wachelewaji. Kijana akilelewa miaka minane au zaidi huku akifundishwa kwamba jembe ni malipo ya kosa, siku anapopewa daraja takatifu anakuwa na hakika moja kubwa: ameachana na jembe. Na kweli anaachana nalo. Anaingia nyumba ya mapadre, anapikiwa, anafuliwa, anakwenda kila mahali kwa gari au pikipiki, anaketi ofisini na kwenye vikao, na baada ya miaka michache kanzu aliyoshonewa siku ya upadrisho haifungi vifungo.

Waamini hulitania jambo hili. “Baba Paroko, naona parokia imekukubali!” Tunacheka pamoja nao. Lakini ukikaa mezani na mapadre wakati wa mafungo ya mwaka utaona kando ya sahani vifuko vidogo vya vidonge, vya presha na vya sukari, na wenye navyo si wazee peke yao. Padre mwenye umri wa miaka arobaini na mitano akipooza upande mmoja, hakuna parokia inayopata padre mwingine wiki inayofuata. Vigango vyake vinabaki na ibada bila padre, na wagonjwa wanasubiri Mpako mpaka wanachoka kusubiri.

Kanisa halijanyamaza juu ya hili. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2288 hadi 2290, inautaja uhai na afya ya mwili kuwa zawadi tulizokabidhiwa na Mungu, inatudai kuzitunza kwa busara, na inaweka fadhila ya kiasi kuwa kinga dhidi ya kila namna ya kupitiliza, chakula kikiwamo. Katekisimu hiyohiyo inaonya pia dhidi ya kuuabudu mwili, kwa hiyo asije mtu akaniambia kwamba nataka mafrateri wawe wanamieleka. Mwongozo wa malezi ya mapadre uliotolewa Roma mwaka 2016 unaweka afya, lishe, mazoezi ya mwili na mapumziko ndani ya malezi ya kiutu. Maana yake mlezi anapaswa kuyaangalia mambo haya kama anavyoangalia sala na masomo. Najiuliza ni mara ngapi Gambera anapoandika taarifa ya frateri kwa Askofu anagusia kama kijana huyo anajua kula.

Mtakatifu Benedikto aliyaona haya mapema zaidi. Katika Kanuni yake, sura ya 48 inaigawa siku kati ya kazi za mikono na kusoma mambo matakatifu. Sura ya 35 inawataka ndugu wahudumiane jikoni kwa zamu za wiki, na haimsamehi mtu zamu hiyo isipokuwa mgonjwa au mwenye shughuli nzito ya monasteri. Adhabu zimo katika Kanuni hiyo, tena sura kadhaa, lakini zamu ya jikoni haikuwekwa humo. Inatajwa kama njia ya upendo. Wabenediktini walipofika Peramiho mwaka 1898 walikuja na desturi hiyo, na hadi leo ukipita Peramiho, Ndanda au Hanga utakuta sala na shamba vinaishi pamoja bila kugombana. Ninyi mafrateri wa jimbo mtaniambia kwamba hamkuitwa kuwa wamonaki. Sawa. Lakini mmonaki akiugua ana ndugu wa kumpikia uji. Nyinyi mnaweza kupelekwa parokia ya pembezoni, mpishi akafiwa akaondoka wiki mbili, mkabaki wawili au mmoja, na nimeona mapadre katika hali hiyo wakiishi kwa mkate na soda na chipsi za stendi. Mtu huyo anaweza kukueleza Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha nini kuhusu ulafi, ila hajui maharage huchukua muda gani kuiva.

Yohane, sura ya 21. Bwana mfufuka yuko ufukoni alfajiri, amewasha mkaa, ameweka samaki, kuna mkate, naye anawaita wanafunzi wake wale. Mifano ya kichungaji huichukua injili hii na kuanza moja kwa moja kwenye swali aliloulizwa Petro. Mimi hunipendeza kusimama kidogo kwenye lile jiko.

Sasa tuingie jikoni kwetu. Chakula cha seminari husemwa vibaya na kila kizazi cha mafrateri, ugali na maharage Jumatatu, maharage na ugali Jumanne. Nawaomba mkiheshimu. Mahindi yana upungufu wa aina fulani ya protini ambayo maharage yanayo kwa wingi, na vikiliwa pamoja kila kimoja kinaziba pengo la mwenzake. Bibi zetu waliopika makande hawakusomea lishe, lakini walikuwa wanafanya hesabu hiyo. Ongeza matembele, mchicha, mnafu au majani ya maboga kutoka nyuma ya bweni, dagaa mara mbili kwa wiki, papai linaloanguka lenyewe nyuma ya kanisa, na una mlo ambao daktari hatakuwa na la kuuongezea. Tatizo letu kubwa liko kwenye unga. Tumeamua kwamba ugali mweupe ndio wenye hadhi, kwa hiyo tunayakoboa mahindi, tunaondoa pumba na kiini pamoja na nyuzinyuzi na sehemu kubwa ya vitamini zake, kisha pumba tunawapelekea nguruwe. Nguruwe wa seminari wanakula vizuri kuliko wanateolojia.

Dona ina sharti lake, na yeyote anayeisifu bila kulitaja anadanganya watu. Mahindi yaliyovunwa au kuhifadhiwa na unyevu huota ukungu unaotoa sumukuvu, na sumu hiyo hubaki zaidi kwenye dona kuliko kwenye sembe kwa sababu hakuna kilichoondolewa. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kwa hiyo mahindi yaanikwe juu ya turubai, si juu ya udongo, yakauke hasa, yachambuliwe kwa mkono na punje zilizooza au kubadilika rangi zitupwe, kisha yahifadhiwe kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Kuchambua gunia ni kazi ya watu sita kwa jioni moja, na hapo ndipo kazi za mikono zinapopata maana. Mtu anayechambua mahindi atakayoyala mwenyewe Jumamosi hawezi kuambiwa anaadhibiwa.

Wapishi nao wana hoja. Serikali imezitaka taasisi zinazolisha watu wengi ziachane na kuni na mkaa, jambo jema kwa misitu na kwa mapafu ya mama zetu wa jikoni, lakini gesi ni ghali na maharage yanaila gesi. Ndiyo maana jiko likihamia gesi utaona wali mweupe unaongezeka na makande yanapotea. Dawa yake haina gharama. Maharage yalowekwe usiku, maji yamwagwe asubuhi, yabandikwe na maji mapya, na muda wa kuchemka unapungua sana. Anahitajika mtu wa kukumbuka kuyaloweka baada ya Sala ya Usiku. Nafasi hiyo iwe ya frateri, kwa zamu, kama sura ya 35.

Nawageukia waamini, hasa ninyi mama zangu wa WAWATA na viongozi wa vigango, maana kosa la ukarimu ni gumu kulisema. Jumapili moja padre ana Misa tatu. Kigango cha kwanza anakaribishwa soda na maandazi. Cha pili soda na pilau. Cha tatu ni soda, pilau, kuku wa kukaanga, na soda nyingine ya kwenda nayo njiani. Soda moja ya kola ya mililita 300 ina zaidi ya gramu 30 za sukari, yaani vijiko vya chai saba mpaka vinane. Tatu zinapita gramu 90. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima wa kawaida asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima, na linasema ni bora zaidi asivuke 25. Hapo sijahesabu chai ya asubuhi wala ile keki ya mwanajumuiya aliyefunga ndoa.

Najua mnachonijibu. Soda ndiyo alama ya kwamba mgeni ameheshimiwa. Kumpa Baba maji na muhogo wa kuchemsha ni kumuonyesha umaskini wetu. Na familia nyingine huinunua soda hiyo kwa fedha ambayo watoto wake hawajaionja soda kwa mwezi mzima. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Mnatumia fedha msiyonayo kununua kitu kinachomdhuru mnayemheshimu, huku magimbi, mihogo, ndizi, karanga na uji wa ulezi vimejaa nyumbani kwenu. Danieli na wenzake huko Babeli waliomba wapewe mboga na maji badala ya vyakula vya mfalme, na baada ya siku kumi walionekana wenye afya kuliko waliokula kifalme. Hawakumtukana mfalme kwa kuomba hivyo.

Mapadre wenzangu nao wana andiko lao. Bwana aliwaagiza wale sabini na wawili wale watakachoandaliwa, katika Luka sura ya 10. Kweli. Ila aliwaagiza hivyo watu waliokuwa wanatembea kwa miguu, bila mfuko wala viatu. Msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika ulioondoka Bagamoyo mwaka 1878 kwenda bara ulikwenda kwa miguu, miezi kwa miezi. Makatekista wetu wengi hadi leo wanaviendea vigango kwa baiskeli au kwa miguu. Anayeshuka garini mlangoni pa kanisa hawezi kulichukua nusu ya agizo la Bwana akaiacha nusu nyingine.

Shirika la Afya linataka mtu mzima aushughulishe mwili kwa kadiri ya kutoa jasho kidogo, angalau dakika 150 kwa wiki. Ni chini ya nusu saa kwa siku. Mama wa kijijini anayechota maji, analima na kutwanga ameshazipita hizo kabla ya Jumanne, na tusimhubirie mazoezi. Yeye anahitaji kupumzika, na anahitaji yai ambalo huwa analitoa kwa wengine. Hapo pia nawaambia UWAKA: tunaposifu chakula cha nyumbani tunasifu kazi ya mtu, na karibu kila nyumba mtu huyo ni mmoja tu. Kumenya muhogo na kuchambua dagaa hakuhitaji jinsia.

Ujumbe wa dakika 150 ni wa karani, mwalimu, dereva, mwanafunzi na padre. Wa mjini nao wana kizuizi halisi, hawana mahali. Viwanja vya mpira vya parokia nyingi vimegeuka fremu za maduka na maegesho ya ukumbi wa harusi. Nafahamu parokia inahitaji mapato, bili ya umeme hailipwi kwa Rozari. Lakini tunapoupiga kura mpango wa kujenga kwenye kiwanja, mjumbe mmoja aulize watoto wa mafundisho watachezea wapi Jumamosi, na swali hilo liandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Tarehe 7 Septemba 2025 Papa Leo XIV alimtangaza mtakatifu Pier Giorgio Frassati, kijana mlei wa Torino aliyefariki mwaka 1925 akiwa na miaka 24. Alipenda maskini, alipenda Ekaristi, na alipenda kupanda milima na marafiki zake, na hakuona kwamba la tatu linamwibia muda wa yale mawili ya kwanza. Vijana wetu wa VIWAWA wanaweza kukitembelea kigango jirani kwa miguu wakisali Rozari, kilomita nne kwenda na nne kurudi, na hakuna anayehitaji kiingilio.

Kwa walezi wenzangu nina ombi moja kabla muhula mpya haujafunguliwa. Adhabu tutafute nyingine. Mchelewaji aandike, asafishe vyoo vyake mwenyewe, akose mechi ya Jumamosi, tutakavyoamua. Jembe na zamu ya jikoni viingizwe kwenye ratiba ya wote, Jumanne na Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na moja na nusu, na mlezi awepo shambani akiwa ameshika jembe lake, si kijitabu cha mahudhurio. Na parokia itakayonialika Jumapili ya kwanza ya mwezi, nakunywa maji, na kama kuna magimbi nitayala na chumvi kidogo.