Msimuuze Mtemba Anayetafuta Kiota

UANI KWETU
Na Zuhura Semboja

Mchuuzi wa kuku anajua kuchagua. Akifika uani na tenga lake nyuma ya baiskeli, hamtazami koo aliyechakaa kwa kuatamia, wala jogoo aliyekomaa mpaka nyama ikawa ngumu. Macho yake yanamfuata mtemba: manyoya yanang'aa, kifua kimejaa, upanga kichwani umeanza kuiva. Anampima uzito kwa mkono mmoja, anataja bei, na mwenye nyumba anaona ni bei nzuri kwa kuku ambaye hata yai moja hajalitaga. Hapo ndipo tunapopoteza kuku wetu bora, nami leo nawaomba wenye mitemba uani mwao wakatae.

Kuku wa kienyeji huanza kutaga akiwa na umri wa miezi 6 hadi 8, na akilishwa vibaya huchelewa zaidi. Mpaka afike hapo ameponea chupuchupu mwewe, kicheche, mvua za masika na kideri. Wengi wa vifaranga alioanguliwa nao hawakufika. Pumba amekwisha kula, usumbufu wa kumfungia na kumfungulia umekwisha kupita. Kilichobaki ni mavuno. Kumtia tengani wiki hiyo ni sawa na kukata mnazi unaotoa karara lake la kwanza.

Dalili za mtemba aliyekaribia kutaga hazijifichi. Upanga na nyama zinazoning'inia chini ya mdomo hukua na kuwa nyekundu. Anakula kuliko kawaida. Anazunguka pembe za nyumba, anachungulia nyuma ya magunia, ndani ya pakacha, hata uvunguni mwa kitanda mlango ukiachwa wazi, huku akitoa sauti ndefu ya kulalama ambayo mwezi uliopita hakuwa nayo. Ukimsogelea, badala ya kukimbia anachuchumaa na kutandaza mbawa kidogo. Yu tayari kupandwa na jogoo, na yai haliko mbali.

Shangazi yangu wa Pongwe, nje kidogo ya mji wa Tanga, hutumia vidole. Jioni kuku wakishatulia humchukua mtemba, akambana kwapani kichwa kikielekea nyuma, kisha akagusa mifupa miwili myembamba iliyo pande mbili za tundu la kutagia. Kikipenya kidole kimoja tu katikati ya mifupa hiyo, humrudisha bandani. Vikipenya viwili au vitatu, hutafuta kikapu kikuukuu, akakijaza nyasi kavu na kukiweka pembeni penye kiza, mbali na njia ya watoto na mbwa. Nilikuwapo siku mchuuzi alipomjia kuku wa namna hiyo.

"Shikamoo, mama. Huyu wa madoadoa nipe leo, nitaongeza bei."

"Marahaba, mwanangu. Huyo anatafuta kiota. Mchukue yule jogoo."

"Jogoo wateja wangu hawamtaki."

"Basi subiri watoto wa huyu."

Shangazi hakusoma mambo ya mifugo darasani, lakini alikuwa sahihi kabisa. Mwili wa mtemba wakati huo uko kazini kuliko tunavyodhani. Yapata wiki 2 kabla ya yai la kwanza, huanza kujijengea akiba ya kalsiamu ndani ya uwazi wa mifupa, hasa ya miguu. Akiba hiyo ndiyo itakayosaidia kutengeneza maganda. Ganda la yai la ukubwa wa kawaida lina takriban gramu 2 za kalsiamu. Yai hukamilika kwa saa 24 hadi 26, na karibu saa 20 kati ya hizo ni za kutengeneza ganda tu, nyingi zikiwa za usiku sisi tumelala. Kuku asipoipata kalsiamu kwenye chakula, ataichota mifupani mwake. Ndipo unapookota mayai ya ganda laini kama ngozi, na baadaye unamwona kuku mwenyewe akiyumba miguu.

Sisi wa pwani hatuna kisingizio. Makombe ya chaza yametapakaa fukweni. Yaoshwe chumvi itoke, yaanikwe, yatwangwe kwenye kinu mpaka yawe kama chenga za mchele, kisha yawekwe kwenye chombo cha peke yake. Walio bara watumie maganda ya konokono au chokaa ya mifugo inayouzwa madukani. Chombo kiwe cha peke yake kwa sababu maalumu: kuku anayetaga atajichukulia kadiri anavyohitaji, na wadogo hawatalazimishwa. Kalsiamu nyingi kabla ya wakati huharibu figo za kuku wachanga. Ndiyo maana chakula cha dukani cha kuku wa kutaga huwa na kalsiamu ya asilimia 3.5 hadi 4, na cha kukuzia huwa na karibu asilimia 1. Anayewanunulia vifaranga chakula cha kutagia ili wawahi kutaga anawaumiza.

Pumba ya mahindi peke yake haitoshi. Mtemba anahitaji dagaa kidogo waliosagwa, mashudu ya alizeti, majani mabichi, na maji safi kutwa nzima, kwa maana sehemu kubwa ya yai ni maji. Ulaya kuku wengi hupunguza kutaga au huacha kabisa majira ya baridi, kwa kuwa mchana huwa mfupi na mwili wa kuku huongozwa na mwanga. Wafugaji huko huwawashia taa. Kwetu mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima. Mtemba wetu anacheleweshwa zaidi na njaa, minyoo na maradhi, na yote matatu yamo mikononi mwetu.

Halafu linakuja yai lenyewe, na hapa wengi hukata tamaa. Yai la kwanza ni dogo. Wakati mwingine halina kiini, wakati mwingine linakuja kubwa ajabu likiwa na viini viwili. Huenda likawa na mchirizi mwembamba wa damu juu ya ganda, kwa kuwa njia ndiyo kwanza inatanuka. Leo ametaga, kesho na keshokutwa hakuna kitu. Mwenye nyumba asiyejua husema kuku huyu hana uzazi, na Ijumaa inayofuata yuko chunguni. Huo ni uonevu. Mfumo wa uzazi wa mtemba unahitaji wiki kadhaa kutulia, na mayai huongezeka ukubwa kadiri siku zinavyokwenda. Mchirizi wa damu ukiendelea yai baada ya yai, au ukiona kuku wenzake wanamdonoa nyuma, hapo mtenge na umwite mtaalamu wa mifugo.

Ukibahatika kuliwahi yai linapodondoka, utaliona lina umajimaji unaokauka mbele ya macho yako. Ule ni utando unaoziba vitundu vya ganda visipitishe vijidudu. Kwa hiyo yai usilioshe kwa maji halafu ukaliweka kabatini. Lifute tu kwa kitambaa kikavu.

Akishatulia, kuku wa kienyeji hutaga mayai 10 hadi 15 kwa mkupuo, kisha hutaka kuatamia siku 21. Mikupuo ni karibu mitatu kwa mwaka, kwa hiyo jumla ni mayai 40 hivi. Anayetaka mayai mengi zaidi anaweza kufuga Kuroiler, mwenye asili ya India, au Sasso wa Ufaransa. Hao huanza karibu na miezi 5, lakini si waatamiaji wa kutegemewa. Mimi nabaki na wa kienyeji, kwa sababu mtetea mmoja anayejua kuatamia anaijazia banda nyumba isiyo na mashine wala umeme.

Mayai ya mkupuo wa kwanza msiyaatamishe. Ni madogo, na kifaranga anayetoka kwenye yai dogo huwa mdogo na dhaifu. Yawe ya watoto. Nalisema hili kwa msisitizo, maana bado kuna nyumba ambazo mama mjamzito anakatazwa mayai eti mtoto atazaliwa kipara, na mtoto mdogo ananyimwa asije akazoea akawa mwizi. Hakuna ukweli ndani ya maneno hayo. Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Yai la kawaida lina takriban gramu 6 za protini, nalo liko hapo uani, halihitaji nauli. Kuliuza yai ili kununua soda na biskuti za watoto ni biashara ya hasara.

Na yai hilo ni la nani? Katika nyumba nyingi anayemwagia pumba asubuhi ni mama au binti, lakini mchuuzi akifika anamwita baba pembeni. Sikatai kwamba mwezi Januari sare na madaftari hudai fedha, na kuku ndiye benki ya haraka. Auzwe jogoo wa ziada, auzwe koo aliyepunguza kutaga. Juu ya mtemba, aulizwe kwanza yule aliyemlea.

Limebaki jambo moja, nalo likikosekana mengine yote hayana maana. Kideri kikiingia kinaweza kufagia banda zima ndani ya siku chache. Chanjo yake ya I-2 inatengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari, inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, na hutolewa tone moja jichoni kila baada ya miezi 3. Chupa moja inatosha kuku wa majirani kadhaa, kwa hiyo changishaneni, mchague siku moja, mchanje wote pamoja. Mfanye hivyo wiki hii, kabla mitemba wenu hawajaanza kutaga.