Mungu Yuko Wapi Lumbesa Inaposhonwa?

Muulize mtoto yeyote wa shule ya Jumapili Mungu yuko wapi, atakujibu bila kusita: yuko mahali pote. Jibu ni sahihi. Muulize mzazi wake swali hilohilo siku ya Jumanne, akiwa shambani ananunua viazi kwa mkulima, utaona jibu limebaki kanisani.

Nazungumzia lumbesa. Gunia linajazwa mpaka mdomoni, linaongezewa kichwa juu yake, linashonwa kwa kamba, na mkulima analipwa bei ya gunia moja. Sheria ya nchi inakataza, lakini msimu ukifika watu wanaendelea. Miongoni mwa wanunuzi hao wamo washarika wetu, na wazee wa kanisa wamo. Jumapili wanatoa fungu la kumi la faida ile, nasi wachungaji tunawaombea baraka.

Kosa hili lilianza kwetu sisi tunaofundisha. Tumeuhubiri uwepo wa Mungu kwa namna mbili tu. Msibani na hospitalini tumesema: Mungu yuko nawe, usiogope. Hilo ni kweli, ila tumelifanya dawa ya maumivu peke yake. Kwa vijana tumesema: Mungu anakuona, ole wako. Hapo tumemfanya Mungu kuwa trafiki, na kila dereva anajua jinsi ya kuishi na trafiki: ukimwona unapunguza mwendo, ukishampita unakanyaga mafuta.

Yusufu, katika Mwanzo 39, hakuwa na trafiki. Nyumba ilikuwa tupu, shahidi hakuwapo. Hoja yake haikuwa hofu ya kukamatwa; hakuweza kumsaliti bwana aliyemwamini na kumkosea Mungu. Naye Luther, katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, anapoeleza amri ya saba hakuishia kwenye wizi wa mkono. Anakataza pia bidhaa mbovu na biashara ya hila, kisha anatudai tumsaidie jirani kuitunza na kuiongeza mali yake. Maneno hayo tunawakaririsha vijana wa kipaimara. Wakishabarikiwa, tunawaachia soko liwafundishe katekisimo nyingine.

Wapo watakaonijibu: "Mchungaji, biashara ni biashara. Nisipofunga lumbesa mimi, mwenzangu atafunga, nami nitarudi na gari tupu." Siwezi kusema huo ni uongo. Huenda akarudi na gari tupu kweli. Wahubiri wanaomwahidi kwamba Mungu atamrudishia mara mbili wanamtoa kwenye hila moja na kumtia kwenye nyingine. Mimi simwahidi faida. Namuuliza tu: Mungu yuko wapi gunia linaposhonwa? Mithali 14:31 inafundisha kwamba anayemwonea maskini anamtukana Muumba wake. Katika Mathayo 25 Kristo anajihesabu pamoja na wenye njaa. Basi yuko upande wa pili wa gunia, pamoja na yule mama anayehesabu noti huku akijua amepunjwa, na hana la kufanya kwa kuwa ada ya mtoto inadaiwa.

Jumapili ya mavuno, baada ya ibada, tunafanya mnada. Kuku mmoja hununuliwa, akarudishwa, akanunuliwa tena, na akina mama wanapiga vigelegele. Naupenda mnada ule. Lakini mtu anayemnunua kuku kwa bei mara kumi mbele ya usharika, kisha Jumatatu akampunja mjane, haamini kwamba Mungu yuko mahali pote. Anaamini Mungu yuko kwenye uwanja wa kanisa, Jumapili, mpaka saa saba mchana. Nasi tunaopokea sadaka yake bila kumuuliza gunia lake lilifungwaje, imani yetu ni hiyohiyo.

Tuanze kuuliza. Nami nitaanza na mahubiri yangu ya mavuno yajayo, hata kama kapu la sadaka litarudi jepesi.