Programu za kompyuta Rukwa zisitegemee flashi tena

Mkulima wa Ufipa hanunui tena mbegu ya mahindi kwa kutazama mfuko tu. Mbegu feki zimemfundisha kutafuta kwanza lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu nchini, ndipo atoe fedha. Kompyuta yake, na ya shule, na ya chama cha ushirika, bado inapandwa chochote kinachokuja. Ukitaka programu Sumbawanga, Namanyere au Matai, njia iliyozoeleka ni fundi mwenye flashi: atakupigia Windows, atakuwekea programu za ofisi zilizovunjwa kufuli ya leseni, na mara nyingi atazima antivirasi kwanza ili kazi ipite. Hakuna anayejua faili lile lilitoka kwa nani wala limeongezewa nini njiani. Ipo njia iliyo bora, haina malipo, imetumika duniani kwa zaidi ya miaka 25, na mkoa wa Rukwa una sababu nyingi kuliko Dar es Salaam za kuishika.

Njia hiyo ni kisimamizi cha pakeji, yaani programu ambayo kazi yake ni kuleta, kusasisha na kuondoa programu nyingine. Kinachojulikana sana ni APT, kilichoingia rasmi mwaka 1999 katika Debian, mfumo endeshi mbadala wa Windows ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na baadaye kikarithiwa na Ubuntu ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Unafungua dirisha la amri na kuandika mstari mmoja: sudo apt install libreoffice. Kabla ya kuleta chochote, APT inaorodhesha pakeji zote zitakazohitajika, inataja ukubwa wake kwa megabaiti na nafasi itakayochukuliwa kwenye diski, kisha inasubiri ujibu Y au n. Kwa mtu anayenunua bando, swali hilo lina thamani kubwa, maana anaijua gharama kabla ya kuilipa. Debian 12, iliyotoka mwaka 2023, ilikuwa na pakeji zaidi ya 64,000, na zote zinapatikana kwa njia hiyo hiyo.

Lakini kilicho muhimu zaidi hakionekani kwenye skrini. Hifadhi ya Debian, yaani ghala la pakeji zake, ina orodha yenye saini ya kidijitali, na kupitia orodha hiyo kila pakeji inajulikana kwa alama iliyokokotolewa kutokana na faili lenyewe. Kikibadilika kitu kidogo tu njiani, alama hailingani na kompyuta inakataa kuipokea. Hii ndiyo lebo ya TOSCI ya programu. Kwa mji ulio mbali faida yake ni kubwa, kwa sababu haijalishi pakeji imepitia wapi. Inaweza kutoka Ulaya, Nairobi, au kompyuta iliyo chumba cha pili. Chuo kikiweka mtambo mmoja wenye programu ya apt-cacher-ng, mwanafunzi wa kwanza atatumia intaneti, na darasa zima litachukua pakeji ile ile humo humo ndani bila kugusa bando. Hata diski inaweza kupanda basi hadi Kasanga, mradi ibebe hifadhi pamoja na orodha yake iliyosainiwa. Na umeme ukikatika, jambo ambalo mkoa uliotegemea umeme wa Zambia kwa miaka mingi unalielewa vizuri, APT huendelea kupakua pale ilipoishia, haianzi upya.

Wapo watakaosema kuandika amri ni kazi ya wataalamu, tena kwa Kiingereza. Ugumu wa lugha ni wa kweli, ila unatatulika: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizozungumza Kiswahili. Kuhusu ugumu wa amri zenyewe sikubaliani nao. Fundi wa Sumbawanga anaweza kumtumia mwalimu wa Mtowisa mstari mmoja kwa ujumbe wa simu, akaunakili na kazi ikaisha. Jaribu kumweleza mtu huyo huyo kwa simu abofye wapi katika madirisha sita yanayofuatana.

Wengine watasema ofisi zao haziwezi kuiacha Windows. Sawa, wasiiache. Microsoft nayo ilitangaza kisimamizi chake, winget, mwaka 2020, na kinafanya kazi kwenye Windows 10 na 11. Hakitamaliza tatizo la leseni, lakini kitaondoa mazoea ya kubeba faili lisilo na asili.

Pingamizi zito ni hili: je, hifadhi yenyewe ikisalitiwa? Ilitokea. Machi 2024 mhandisi Andres Freund aligundua mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, baada ya kuona kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali kwa njia ya SSH kunachelewa takriban nusu sekunde. Matoleo hayo yalikuwa yamefika Debian ya majaribio, si ile thabiti inayotumiwa na watu wengi. Tukio hilo linatisha, na anayedai mfumo huu hauna hatari anadanganya. Ila angalia kilichofuata: matoleo yenye ubaya yalijulikana kwa namba zake, yakatolewa, na kila msimamizi aliweza kukagua kompyuta yake siku hiyo hiyo. Flashi yenye virusi haina namba ya toleo, wala hakuna wa kuwatangazia walioitumia.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa Kampasi ya Rukwa ya Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, kwa VETA na kwa halmashauri zote za mkoa. Wekeni kila mahali mtambo mmoja wa kuhifadhi pakeji. Hauhitaji kunakili hifadhi nzima, kwa kuwa unatunza kile tu kilichowahi kuombwa, na kompyuta ya kawaida inatosha. Wafundisheni mafundi wa mitaani kuutumia, kwa sababu wao ndio ambao wananchi huwaendea. Gharama ni kompyuta hiyo, programu isiyolipiwa na mtu mmoja wa kuisimamia, na bajeti ya mwaka ujao wa fedha inaweza kubeba hayo.